Nakijwa na Magamba ya Mgomba

"Njooni!"
"Tumekuja!"
"Mmekuja na masikio?"
"Tena yote mawili!"

Basi sikieni, na wewe unayecheka huko nyuma nyamaza, maana kisa hiki hunipandisha hasira kila nikikisimulia. Hapo kale, milima hii ilipokuwa bado inajifunza kusimama, alikuwako binti wa miaka kumi na miwili, Nakijwa. Mfereji wa kijiji uliishia ng'ambo ya korongo, na shamba la mama yake likabaki huku, kavu. Mama akateka maji korongoni, akapanda nayo, akateka, akapanda, mpaka siku alipoteleza akavunjika mguu. Maharage yakaanza kunyauka, na ndiyo yalikuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Nakijwa akawaza, akawaza. Akachuna magamba ya mgomba, yale maganda marefu ya shina yaliyopinda kama mfereji, akayapanga ncha juu ya ncha, akayalaza juu ya miti yenye panda mpaka ng'ambo. Maji yakavuka! Yakavuka, wanangu!

Mzee Mrutu, mkuu wa mfereji, akaja mbio na panga. "Mwanamke hagusi mfereji! Ni mwiko!"

"Babu, mama yangu atakula nini?"

"Mwiko ni mwiko!"

Akakata, akakata, halikubaki hata gamba moja. Nakijwa akalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Haikupita wiki, mvua ya ghafla ikaubomoa mfereji kule juu gengeni. Wanaume wakajaza udongo, ukaporomoka; wakajaza, ukaporomoka. Jua likawaka. Maharage ya Mzee Mrutu mwenyewe yakajikunja. Ndipo akaja, sauti laini kama uji.

"Mjukuu wangu, tuelekeze kuyapanga yale magamba. Utasimama mbali, useme tu."

Mbali! Mnausikia ufedhuli huo?

"Sisimami mbali," akasema Nakijwa. "Nitaingia mferejini kwa miguu yangu, mbele yenu wote. Na maji yataanza kwa mama."

"Lakini siku zote huanza kwangu."

"Basi jenga wewe, babu."

Mzee Mrutu akainama, akajitwika magamba. Nakijwa akaingia mferejini, matope mpaka magotini, akayapanga gengeni, kisha juu ya korongo. Maji yakapita gengeni, yakavuka korongo, na shamba la kwanza kunywa likawa la mama yake.

Wanangu, msivunje kazi ya mtu kwa kuwa tu hamkuitarajia kwake. Na mkivunjiwa, jengeni tena, ila msikubali kuambiwa msimame mbali.

Kisa changu kimefika. Mwenye njaa akile, aliyeshiba ampelekee mwenzake.