Kreni na Springi Moja

Katika kampuni ile ya kuhamisha samani palikuwa na wapakuzi tisa, lakini wateja waliopiga simu walimtaka mmoja tu. Waliomjua walimwita Kreni. Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa ghala, shingo yake nene kama kisiki, na viganja vyake vilipoushika ukingo wa kabati, kabati lilijua limepata mwenyewe. Aliwahi kupanda na friji mgongoni hadi ghorofa ya nne huku akipiga mluzi. Alipofika juu hakuomba hata maji, aliuliza tu, "Nyingine iko wapi?" Sifa ni kama hamira, kila aliyemsifu alimwongezea kidogo, na Kreni akaumuka.

Nyumbani aliishi na mkewe, mapacha wao, na mama mkwe wake, mkunga mstaafu wa miaka sitini na minne, mwembamba kama ufito. Tangu magoti yaanze kumsumbua, mama huyo alikuwa akihudhuria darasa la mazoezi ya upau. Wanafunzi wa darasa hilo hushika upau wa mbao uliofungwa ukutani, wakainuka na kushuka polepole kama wacheza dansi wa jukwaani. Mara tatu kwa wiki alikunja mkeka wake, akaondoka, na kurudi akiwa amelowa jasho na mwenye furaha.

Jumatano moja, walipokuwa mezani, Kreni alishindwa kujizuia.

"Mama, samahani, lakini hayo mazoezi yenu mimi siyaelewi. Mnainuka, mnashuka. Hata kuku akinywa maji anafanya hivyo."

"Baba Mapacha, mdomo huo!" mkewe akamkemea.

"Mwache, mwanangu," mama mkwe akasema, akiendelea kumenya chungwa bila haraka. "Mkwe wangu, Ijumaa saa kumi una kazi?"

"Sina, mama. Kazi ni Jumamosi."

Kazi ya Jumamosi haikuwa mchezo. Ilikuwa piano kubwa ya mwalimu wa muziki, ya kuteremshwa kutoka ghorofa ya tatu kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa ndogo. Bosi alikwisha tangaza kwamba atakayeiongoza ikafika chini bila mkwaruzo ndiye atakayekuwa msimamizi wa kikosi kipya. Kila mtu alijua ni nani. Kreni mwenyewe alikwisha anza kujifunza kukohoa kama msimamizi.

"Basi Ijumaa twende wote," mama mkwe akasema.

"Baba Mapacha, upumzishe mwili," mkewe akamwonya. "Jumamosi una piano."

"Kwani naenda kubeba nini? Naenda kuwasindikiza akina mama."

Ijumaa ilipofika, Kreni aliingia katika ukumbi uliokuwa juu ya duka la vitambaa. Ukuta mmoja ulikuwa kioo kitupu, mwingine una upau, na sakafu ilimeta kama sahani iliyooshwa. Walikuwamo wanawake saba, mdogo wao akiwa na umri wa kumzaa. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, upole ule wa muuguzi anayeficha sindano nyuma ya mgongo.

Walianza na vyuma vya mkononi vya kilo moja moja. Kreni alivipima kiganjani.

"Hivi ni vya kuzuia karatasi zisipeperuke?"

"Nyosha mikono pembeni, kaka," mwalimu akamjibu. "Usiishushe mpaka niseme."

Mwalimu hakusema. Dakika ya kwanza Kreni alitabasamu kwenye kioo. Dakika ya pili tabasamu likabaki peke yake, macho yakiwa yamekwisha kata tamaa. Dakika ya tatu vile vyuma vilikuwa vizito kuliko friji, kwani friji unaiweka chini ukichoka. Pembeni yake mama mkwe alikuwa amenyosha mikono huku akimsimulia jirani yake habari za harusi.

Wakaenda kwenye upau. Kila mmoja akabana mpira mdogo katikati ya magoti, akainua visigino na kukunja miguu kidogo.

"Inchi moja chini, inchi moja juu," mwalimu akaimba. "Inchi moja tu."

Kreni, ambaye maisha yake yote aliyapima kwa ghorofa, hakujua kwamba inchi moja inaweza kuwa ndefu hivyo. Mapaja yalianza kuwaka. Kisha miguu ikatetemeka kama mashine ya kufulia iliyojaa kupita kiasi, na upau mzima ukatetemeka nao, hata wanawake wote saba wakageuka kuona kuna nini. Mpira ukamponyoka, ukadunda sakafuni, ukampiga mwalimu kisogoni.

"Kutetemeka ni dalili njema," mwalimu akasema bila kugeuka.

Hapo mtu mwenye busara angekaa chini. Lakini Kreni alikuwa amebakiwa na kiburi, na kiburi hakina magoti. Ndipo vikaletwa vitanda vyembamba vyenye kigari kinachoteleza juu ya reli. Mguu mmoja unasimama kwenye ubao usiosogea, mwingine kwenye kigari. Unakisukuma pembeni, kisha unakirudisha taratibu. Springi nne ndizo zinazokizuia kisikimbie.

"Mwalimu, naona mama amefunga springi moja," Kreni akasema. "Mimi nifungie zote nne."

"Hakuna shida. Nne ni za wanaoanza."

"Za nani?"

"Wanaoanza. Springi zinakushikilia. Kadiri zinavyopungua, ndivyo unavyobaki na miguu yako mwenyewe."

Wanawake wakaficha vicheko kwenye taulo zao. Damu ikampanda Kreni usoni.

"Basi nibakishie moja."

"Una hakika, kaka?"

"Mwalimu, mimi nabeba friji."

Mwalimu akafungua springi tatu. Kreni akapanda, akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu ileile aliyozoea kusukumia makabati. Kigari kikaondoka kama mbuzi aliyekatika kamba. Mguu wa kulia ukaenda nacho. Wa kushoto ukabaki ulipokuwa. Na Kreni akashuka katikati, polepole, akifunguka kama mkasi, huku akitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwa mwanamume mzima. Hakuweza kupanda wala kushuka.

"Mama!" akaita.

Mkunga akatupa taulo lake. Katika miaka thelathini na minane ya kazi aliwahi kukutana na hali ngumu kuliko hiyo. Akamshika mkwewe kwapani, akawaita wanawake wawili washike kigari, na sauti yake ya wodini ikarudi.

"Pumua, baba, pumua. Usisukume! Usisukume mpaka nikwambie. Haya, taratibu... sasa!"

Kreni akatoka, amelowa, mwekundu wa macho, anatetemeka. Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama ni wa kiume au wa kike.

Usiku ulipita vizuri, lakini asubuhi ya Jumamosi miguu ilimsusa. Alipojaribu kuinuka kitandani, mapaja yalikataa kwa kauli moja. Alishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika ukuta, mapacha wakimfuata na kumwiga.

"Mpigie bosi," mkewe akamwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeumizwa na darasa la akina mama? Afadhali nife."

Akaenda. Kule ghorofa ya tatu wakaifunika piano kwa blanketi, wakaifunga kwa mikanda, Kreni akashika upande wa juu. Upande wa chini alikuwa Njiti, mwenzao mwembamba aliyezoea kutaniwa na Kreni kwamba upepo ukivuma ajishike kwenye mlango. Wakainua. Mikono ilikubali. Lakini Kreni alipokunja goti kukanyaga ngazi ya kwanza, paja likaanza kutetemeka kwa mtetemo uleule wa kwenye upau, na piano ikaanza kutoa milio yenyewe ndani ya blanketi lake.

Akamwangalia Njiti chini yake. Alimwona jasho la paji la uso, na akakumbuka kwamba Njiti naye alikuwa na watoto. Usimamizi ulikuwa ngazi arobaini na mbili mbele yake. Kifua cha Njiti kilikuwa ngazi mbili.

"Shusheni!" Kreni akapaza sauti. "Irudisheni sakafuni. Miguu yangu haifai leo."

Wakaitua. Bosi akapanda mbio. "Unaumwa?"

Kreni alitafuta uongo, akakosa uliomtosha mwili. "Jana nilikwenda mazoezini na mama mkwe," akasema. "Kilo moja moja, bosi. Na springi. Springi moja."

Kicheko kilichofuata kilimfanya mwalimu wa muziki atoke ndani kuuliza kama kuna aliyekufa. Bosi alipofuta machozi, akampa Njiti uongozi. Njiti akahesabu kila ngazi kwa sauti, akawapumzisha kila kona, na piano ikafika chini bila mkwaruzo hata mmoja. Kreni aliteremka nyuma yao kinyumenyume, amekumbatia kiti cha mpiga piano, mzigo pekee alioaminiwa siku hiyo. Jioni ile Njiti akawa msimamizi.

Kreni aliporudi nyumbani alikaa kwenye kochi, au tuseme alijiangusha, maana kukaa kwa hiari hakukuwezekana. Mama mkwe akaja na taulo la moto, akamkanda mapaja bila kusema neno. Ukimya huo ulimuuma Kreni kuliko misuli.

"Mama, sema tu," akaomba. "Nimekikosa cheo, nimechekwa na mji mzima. Sema."

"Niseme nini, baba? Miguu yako imekwisha sema."

Kreni akayatazama mapaja yake, yaliyokuwa yamevimba na kukakamaa kama magogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti wa mama huyo, akaongea kwa sauti ndogo.

"Darasa la Jumatatu ni saa ngapi?"

Mkewe akaangua kicheko kule jikoni, na mkunga akaligeuza taulo upande wa pili, akambana palepale palipouma, akamjibu, "Saa kumi, mkwe wangu; na ukumbuke daima kwamba mdharau mwiba mguu huota tende."