Kofia ya Naja

Hadithi imebisha hodi, wajukuu. Mnasemaje?

Ipite, ikae.

Basi imekaa. Hapo kale, kale ambayo hata nyanya yangu hakuikuta, kulikuwa na kijiji huko juu kabisa ya dunia, kule bahari inakogeuka barafu. Si barafu hii mnayonyonya kwenye vifuko na kunidondoshea mkekani. Barafu ya watu kutembea juu yake, na mbwa wao, na mizigo yao.

Kila barafu ilipopasuka, nyangumi wadogo weupe waliingia ghubani, watoto wao ubavuni. Wadogo nasema, lakini mmoja alilisha nyumba nyingi. Mbele alitangulia jike mzee. Yeye ndiye aliyeijua njia katikati ya barafu, na wengine walijifunza kwa kumfuata.

Wawindaji walingoja ndani ya mitumbwi yao ya ngozi, vyusa, ile mikuki ya kuwindia nyangumi, magotini, mikono kwapani. Na juu ya jiwe jeusi, mlangoni mwa ghuba, alikaa bibi mmoja jina lake Naja, mkali kunishinda mimi. Alivaa kofia ya manyoya. Jike mzee akishapita jiwe, na watoto nyuma yake, Naja alivua kofia, vyusa vikaruka. Akiirudisha kichwani, basi, imetosha, hata kama nyangumi wamejaa tele. Kwa hiyo kofia ikiwa kichwani?

Mikono kwapani.

Hivyo hivyo. Mikono kwapani, chusa hakiguswi.

Sasa, palikuwa na mwindaji akiitwa Ujarak. Mkewe, Pipaluk, alikuwa amejifungua binti, na baada ya baridi ndefu maziwa yalimkauka. Mtoto analia, mama analia. Mimi simlaumu Ujarak kwa kutaka nyama. Fungu la kwanza siku zote lilikuwa la mama anayenyonyesha, kwa hiyo alichotakiwa ni kungoja kidogo tu. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Jike mzee akaibuka, akapumua karibu kabisa na mtumbwi wake. Kofia ya Naja iko kichwani. Ujarak akatoa mkono kwapani, akarusha. Maji yakawa mekundu, na wale waliokuwa nyuma wakageuka wote, wakarudi bahari kuu.

"Bibi, mwanangu ana njaa," alisema Ujarak alipofika nchi kavu.

"Najua. Leo atashiba," Naja akamjibu. "Na mwakani, nani atawaonyesha njia wale?"

Naja akavua kofia, akamvika. "Jiwe ni lako sasa. Kaa uwangoje."

Pipaluk alikula, na maziwa yakatoka. Lazima niseme kweli, yalitoka. Lakini barafu ilipopasuka tena, hakuja nyangumi hata mmoja. Ikapasuka tena, hakuja. Kijiji kikaishi kwa samaki na sili, tena kwa shida. Naja akafa. Yule binti, Arnaq, akaota meno, akakimbia, akaanza kumpelekea baba yake chakula pale jiweni. Ujarak anakaa tu, anatazama maji.

Asubuhi moja Arnaq akanyoosha kidole. "Baba, nini kile cheupe?"

Walikuwa wachache. Mbele yao jike mchanga, anakuja, anasita, anazunguka, anajaribu tena. Mitumbwi ikaingia majini mbio.

"Shemeji, vua kofia," akaita kaka yake Pipaluk. "Tumekula samaki mpaka tumechoka."

"Kaleni tena."

"Unatunyima wewe, uliyetuletea njaa?"

Neno hilo lilimwingia, wajukuu. Alilia mbele ya binti yake. Lakini mkono haukwenda kichwani.

"Ni mimi niliyeileta," alisema. "Ndiyo maana siivui. Waacheni waijue njia."

Jike mchanga akapita jiwe. Watoto wakapita. Wote wakapita, na hakuna aliyerusha. Mwaka uliofuata wakarudi, wameongezeka kidogo, naye hakuvua. Hakuvua na mwaka wa mbele yake. Watu walimtukana, wakachoka kumtukana.

Arnaq akakua, akaolewa, akazaa. Na barafu ikapasuka, ghuba nzima ikawa nyeupe kwa migongo. Jike akatangulia, watoto wakapita, na Ujarak akapeleka mkono kichwani taratibu. Alivikwa kofia ile akiwa na nywele nyeusi tii. Ilipotoka, kichwa kilikuwa cheupe kama nyangumi wenyewe. Fungu la kwanza likapelekwa kwa Arnaq, ambaye nyama ya nyangumi aliwahi kuionja ndani ya maziwa ya mama yake tu.

Kuleni, wanangu, mshibe. Ila anayewaonyesha wenzake njia, mwacheni apite. Na wewe Zuhura, mkono huo unaotambaa kwenye sinia ya kashata, je, mimi nimevua kofia?

Bado, Bibi.

Basi urudishe kwapani. Hadithi imepumzika, inaaga. Mfungulieni mlango.