Jina la Nne Nyuma ya Zulia

Kaeni vizuri, na kila mtu aishike hukumu yake karibu, maana nikifika mwisho nitakuja kuidai.

Palikuwa na nyumba ya mawe mtaa wa Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Wakiishi humo Zeyana na kaka yake Haroub, na Thuwaiba, binti wa baba yao mdogo, pamoja na Shangazi Biubwa aliyewalea wote watatu. Kazi yao ilikuwa moja, kuosha mazulia na masofa. Watu wa mji waliwapelekea makochi yaliyomwagikiwa mchuzi na mazulia yaliyokanyagwa na wageni, na vitu vilirudi kwa wenyewe kama vimetoka dukani.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Thuwaiba alikuwa na pua na ulimi. Ukimwonyesha doa, aliinama, akanusa, pengine akaligusa kwa ncha ya ulimi. Kisha akasema kwamba hii ni samli ya biriani na ina wiki mbili, au hii ni kahawa, lakini mtu kaimwagia maziwa ili kuificha. Hakukosea.

Haroub alikuwa na ngozi. Alisimama mlangoni, akakunja mikono ya kanzu, akajua kama upepo ni mkavu au umebeba chumvi, na kama jua la siku hiyo litakausha au litababua rangi. Sofa aliyoianika yeye haikutoa harufu ya uvundo hata siku moja.

Zeyana alikuwa na mikono. Kwa miaka ishirini na miwili aliosha akiwa amepiga magoti, na vidole vyake vilijua unyoya umelalia upande gani na uzi upi umechoka. Alijua kusugua bila kuumiza. Tena alijua kushona.

Lakini mikono haina wa kuisifu. Wateja walipopiga simu walimuulizia yule mwenye pua. Thuwaiba alikwenda, akanusa, akakaribishwa kahawa na kashata, akaondoka. Zeyana alibaki sakafuni mpaka alasiri, na mwenye nyumba alipomfungulia mlango alimwambia, "Nisalimie Thuwaiba, mwambie ahsante sana." Zeyana alizifikisha salamu zote. Hakuacha hata moja, na kila moja aliihesabu moyoni.

Sasa sikilizeni habari za zulia.

Nyumba ile ilikuwa na zulia la sufu, jekundu lililoiva, si kubwa, mtu mwenye nguvu aliweza kulibeba begani. Kila binti wa ukoo alipoolewa aliketi juu yake siku ya kutazamwa na wageni. Nyuma yake kulishonewa ukanda wa kitambaa cha marekani, na juu ya ukanda majina matatu kwa uzi mweusi. La kwanza, Asya, aliyelitoa kwenye nyumba inayoungua. La pili, Mbarouk, aliyelivusha kutoka Pemba lisipate tone la maji. La tatu, Sabra, aliyeziba matundu kumi na saba ya nondo. Aliyeliokoa zulia alishonwa jina, na mwenye jina ndiye aliyekuwa mlezi wake. Lilikaa chumbani kwake, na hakuna bibi arusi aliyeketi juu yake bila kwenda kumuomba. Bi Sabra alikuwa amefariki zamani. Kwenye ukanda palibaki nafasi ya vidole vinne, yaani jina moja.

Kwa kuwa zulia halikuwa na mlezi, Shangazi Biubwa aliamua likae chumbani kwa Thuwaiba, kwa sababu ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Hakuwa na sababu nyingine. Lakini Zeyana kila alipopanda ngazi aliuona mlango ule, akaona zulia limesimama pembeni limeviringishwa kwa shuka jeupe, na akahisi kama jina limeshashonwa.

Mwaka huo Raya, mtoto wa binamu yao, aliposwa, na arusi ikapangwa msimu wa vuli. Thuwaiba alikwenda Pemba kwenye msiba, akakaa siku nne. Siku ileile aliyoondoka, Zeyana aliingia chumbani mwake, akalitia zulia begani, akalishusha mpaka stoo ya chini, karibu na ua wanapooshea. Alijiambia kwamba zulia lafaa liwe karibu na mwoshaji. Akaliegemeza ukutani, akafunga mlango.

Hakujua kwamba jana yake Haroub alikuwa ameupaka ukuta ule chokaa. Nyumba yenye arusi lazima ipakwe chokaa, na Haroub hakuona haja ya kutangaza. Mvua ikanyesha siku tatu, ukuta ukatoka jasho, na chokaa ikaingia kwenye sufu.

Thuwaiba aliporudi na kulikosa zulia, nyumba nzima ilitafuta. Walipolitoa stoo na kuliviringua uani, nusu yake ilikuwa na mabaka meupe, na wekundu pembeni mwa mabaka ulikuwa umeanza kugeuka zambarau. Shangazi aliuliza nani kalishusha. Haroub alidhani ni mafundi wa bomba waliopita juzi. Zeyana alikuwa anatafuta ndoo. Arusi ilibakiza siku saba.

Sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Wote walidhani ni ukungu, na dawa ya ukungu wa mazulia kwao ilikuwa sabuni na maji ya moto. Zeyana alikuwa ameshaikoroga, kopo liko mkononi, ndipo Thuwaiba alipotoka ndani na kumshika kifundo. Akachutama, akagusa baka kwa ulimi, akatema. Akasema huu si ukungu, hii ni chokaa, na sabuni juu ya chokaa itaila sufu mpaka zulia libaki wavu. Dawa yake ni siki. Kopo lile lingemwagwa, hadithi ingeishia hapo.

Zeyana alimwaga sabuni, akachanganya siki na maji baridi. Akajaribu kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka na wekundu. Rangi ilikuwa inahama. Kumimina maji kusingewezekana, na mashine ya kunyonya maji wanayotumia kwenye masofa ingeirarua sufu iliyokwisha kulegea. Akaanza baka kwa baka, kwa kitambaa kilichokamuliwa, akikandamiza na kuinua, akikandamiza na kuinua, siku mbili kamili. Siki iliingia kwenye nyufa za vidole vyake mpaka akawa hawezi kushika kijiko. Wekundu haukuhama tena hata unyoya mmoja.

Haroub alilipokea likiwa bichi. Jua lilikuwa limetoka, majirani wakamshauri alipeleke paani. Akakunja mikono ya kanzu, akasimama, akakataa. Alifungua mlango wa chini na mlango wa paani, upepo ukapanda katikati ya ngazi, na hapo akalaza boriti mbili na kulianika zulia kwa mgongo. Kila adhana aliligeuza. Saa moja baada ya kulianika, mvua ililowesha nguo zote zilizokuwa paani kwa majirani. Siku ya tatu zulia lilikuwa kavu, halikusinyaa wala halikunuka.

Kabla ya usiku wa kuamkia arusi kufika, Shangazi Biubwa aliwaita wote watatu mchana, baada ya chakula. Zulia lilitandikwa kifudifudi mbele yake. Alisema zulia limeokolewa, na kwa hiyo lina jina jipya. Raya yuko chini anasubiri kujua aje kumuomba nani.

Haroub alisema bila haya kwamba ni yeye. Zulia lililosafishwa likaachwa bichi ni zulia lililokufa, na mvua ile wote waliiona.

Thuwaiba alisema pasipo kujulikana doa hapana la kuosha wala la kuanika.

Zeyana alicheka kidogo. "Kuonja chokaa nako ni kipaji? Mbuzi wa Bwana Khelef hulamba ukuta wetu kila asubuhi. Tumshone yeye basi."

Haroub alitazama dari ili asicheke.

Zeyana akavinyoosha vidole vyake vilivyopasuka mbele ya Shangazi, ingawa Shangazi macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. "Miaka ishirini na miwili, Shangazi. Salamu zao nazibeba mimi. Hili moja nataka liwe langu."

Haroub aliuliza kwa nini wasishonwe wote watatu. Shangazi alisema nafasi ni ya vidole vinne, na zulia lenye walezi watatu litachanwa vipande vitatu kabla yeye hajazikwa. Kisha akasema, "Mimi sikuona kitu, nilisikia tu. Semezaneni nyinyi. Zeyana, wewe ndiye mwenye mkono wa kushona. Tunga uzi."

Zeyana alitunga uzi mweusi. Thuwaiba alikaa karibu yake ili aushike ukanda usikunjamane, na vichwa vyao vikakutana juu ya zulia. Hapo Thuwaiba alizungumza kwa sauti ya chini, asisikie mwingine.

"Dada, mimi sikuijua chokaa kwa ulimi. Buibui lako la kazi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, bega zima jeupe kwa chokaa. Nililifua kabla mwingine hajaliona. Nilionja ili wasiniulize nimejuaje."

Sindano ilisimama.

"Mbona hukusema?"

"Ungeosha vipi, na wote wanakutazama mikono?"

Mtadhani moyo wa Zeyana ulilainika. Haukulainika. Wivu wake ulipata kuni mpya, kwa kuwa aliona hata katika kusitiri Thuwaiba alikuwa amemtangulia, na kwamba hilo nalo angelibeba maisha yake yote kama zile salamu. Chini, kwenye ngazi, zilisikika nyayo za Raya akipanda. Shangazi alisema, "Haya. Herufi ya kwanza ni ipi?"

Hapo ndipo nilipofika nao, na sindano iko mkononi mwa Zeyana.

Sasa nadai hukumu zenu. Yupo aliyelijua doa, ingawa hakulijua kwa kipaji chake, akalificha kosa la mwenzake. Yupo aliyelitoa, na ndiye aliyelitia. Yupo aliyelikausha zulia, na chokaa ilikuwa yake, ila hakujua. Bila mmoja wao Raya angeketi kwenye mkeka.

Raya kafika mlangoni. Wewe uliyekaa hapo, kama sindano ingekuwa mkononi mwako, ungeshona jina la nani? Na kabla ya kushona, lile bega la buibui ungelitaja, au ungelinyamazia?