Hatua Sita za Tembo na Kifaru

Hapo zamani za kale, dunia ikiwa bado haijaamua kutulia, ardhi ilikuwa inatanuka. Msinicheke, nasema ilikuwa inatanuka, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Mwaka huu unamwomba jirani chumvi dirishani, mwaka ujao mpaka umpigie kelele ndipo akusikie.

Katika nchi hiyo kulikuwa na bwawa moja tu. Bi Nguchiro alipoolewa, nyumba yake ilikuwa karibu na maji. Sasa alikuwa na watoto watano, na bwawa limekwenda mbali mno. Alitoka alfajiri na ndoo, akarudi jioni, na ndoo yenyewe imebaki nusu. Mtoto wake wa mwisho, Kidawa, midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu hata kulia hawezi.

Bi Nguchiro akaenda barazani kuomba kiwanja karibu na bwawa. Wakuu wa baraza walikuwa wawili, Mzee Tembo na Mzee Kifaru, wapimaji wa nchi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," wakaitika. Tembo akasema, "Kiwanja utapata, binti. Lakini kwanza lazima tujue ardhi inatanuka kwa kasi gani. Tukikupa leo bila hesabu, kesho utakuwa mbali tena."

"Haya, inatanuka kwa kasi gani?"

"Hatua sabini na tatu kwa mwaka," akasema Tembo.

"Sitini na saba," akasema Kifaru.

Bi Nguchiro akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nimepima kwa miguu yangu," akasema Tembo. "Natoka mlangoni kwangu mpaka kwa Twiga. Kwa Twiga mpaka kwa Pundamilia. Kwa Pundamilia mpaka bwawani. Kila mwaka nahesabu upya, na kila mwaka imeongezeka sabini na tatu."

"Kutembeatembea si kupima," akasema Kifaru. "Ukoo wetu hauendi haja ovyo, tuna mahali petu. Siku ya kwanza ya dunia, babu wa babu zangu aliacha marundo mawili ya mavi, yamegusana. Mimi naangalia leo yameachana kiasi gani, nagawanya kwa miaka. Sitini na saba."

"Yaani unapima nchi kwa mavi?"

"Mavi hayo yalikuwepo, Tembo. Wewe ulikuwepo?"

"Jamani," akasema Bi Nguchiro, "tofauti ni hatua sita. Andikeni sabini, mnipe kiwanja, nikamnyweshe mwanangu."

Hapo wazee wakakubaliana kwa mara ya kwanza. "Sabini hakuna aliyeipima," wakasema kwa pamoja. "Rudi mwezi ujao."

Akarudi mwezi uliofuata. Sabini na tatu. Sitini na saba. Rudi mwezi ujao. Akarudi tena. Tembo alikuwa amemwita Mbuni ahakikishe, na Kifaru alikuwa amefukua marundo mengine ya zamani zaidi.

"Safari hii tumepima kwa uangalifu mkubwa," akasema Tembo.

"Na mmepata nini?"

"Tumepata uhakika kwamba hatupatani," akasema Kifaru. "Rudi mwezi ujao."

Mimi ningewatukana, Mungu anisamehe. Bi Nguchiro hakutukana. Alirudi nyumbani, akaingia katika shimo lake la uani na kuanza kuchimba kwa hasira tu, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka kucha zikagonga mwamba. Akashika udongo pale juu ya mwamba. Ulikuwa na unyevunyevu. Akalaza sikio, akasikia chini yake chururu, chururu.

Akakaa akafikiri. Kucha zake haziwezi kuvunja mwamba. Pembe zinaweza. Lakini akienda kuwaomba wale wazee wachimbe, wataanza kupima kina. Tatu, nne, rudi mwezi ujao.

Asubuhi akaenda kwa Tembo. "Mzee, nimeona aibu kukuficha. Mababu zetu walishapima nchi hii. Jibu walilichonga kwenye jiwe, wakalizika chini ya ua wangu, chini ya mwamba. Baba aliniambia ni sabini na tatu."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Kifaru anajua?"

"Hajui."

Kisha akakimbia mbio kwa Kifaru. "Mzee, kuna jiwe la mababu chini ya ua wangu. Baba aliniambia limechongwa sitini na saba."

"Nilijua," akasema Kifaru, na tayari alishaanza kuondoka.

Wakakutana uani.

"Umefuata nini hapa?" akauliza Tembo.

"Nimefuata ushahidi wa kukuziba mdomo."

"Basi chimba, tuone."

Wakachimba. Kifaru akipiga pembe, gudu! Tembo naye akipiga zake, gudu! Vumbi likafunika nyumba nzima. Kila mmoja alichimba kwa nguvu kumzidi mwenzake, asije akatanguliwa kuliona jiwe. Adhuhuri mwamba ukapasuka, paa, na maji yakaruka yakawalowesha mpaka vichwani.

Kidawa alifika wa kwanza. Akatumbukiza uso mzima, akanywa, akakohoa, akanywa tena. Mama yake alisimama pale analia waziwazi.

Tembo akapapasa kwenye tope kwa mkonga wake. "Jiwe liko wapi?"

"Hakuna jiwe, mzee. Halijawahi kuwepo."

"Umetudanganya sisi?" akanguruma Kifaru.

"Nimewadanganya siku moja. Nyinyi mmeniambia mwezi ujao mara tatu, na mwanangu anakauka mnamwona."

Wazee wakatazama shimo, wakatazama watoto watano wanavyokunywa. Nilidhani sasa wataona haya.

"Kisima hiki kina urefu wa hatua tisa kwenda chini," akasema Tembo.

"Nane," akasema Kifaru.

Bi Nguchiro akajaza ndoo yake pomoni, akaingia ndani na wanawe, akafunga mlango.

Na kasi ya kweli ilikuwa ipi? Msiniulize mimi, kawaulizeni wao, bado wanapima. Nyinyi shikeni hili: wakubwa wakishindwa kupatana, usikae na kiu ukingoja jibu lao.