Digidigi Aliyemwombea Mkewe

Paukwa? Haya, jibuni: pakawa.

Hapo zamani za kale aliondokea Digidigi, na mke mmoja, na mtoto mmoja. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja, cha Tembo mfalme, na kila mnyama alikunywa kwa zamu.

Mke wa Digidigi alikuwa akinyonyesha. Maziwa yakamkauka, mtoto analia. Akaenda kunywa kabla ya zamu yake. Akakamatwa.

Sheria ilisema mwizi wa maji afukuzwe aende jangwani, kuanzia mwezi mmoja hadi maisha. Hakimu Nyati akamuuliza, "Umeiba?"

"Nimeiba, mzee. Kabla ya leo sijawahi kuiba. Naomba unihurumie."

"Maisha," akasema Nyati. "Ili wengine waogope."

Mama akafukuzwa siku hiyo hiyo, mtoto akabaki na baba yake. Digidigi akamwendea Nyati. "Mzee, hili ni kosa lake la kwanza."

"Nimeshahukumu. Nenda zako."

Akamwendea Twiga, mkuu wa baraza. Twiga akasema, "Unachosema ni kweli, ndugu yangu. Lakini mimi siwezi kumwaibisha Nyati."

Akaenda kwa Tembo. Akangoja mlangoni, mtoto mgongoni, siku nyingi, mpaka akaitwa. Tembo akamsikiliza, kisha akamgeukia Nyati.

"Fisi alimuua mlinzi wa kisima. Ulimpa nini?"

"Maisha, mfalme."

"Na huyu mama aliyekunywa maji, akakiri?"

Nyati akainamisha pembe.

"Adhabu ya mwisho ni ya mbaya wa mwisho," akasema Tembo. "Ukimpa mwenye kosa la kwanza, Fisi utampa nini? Mwezi mmoja unamtosha, na umeshapita. Arudi kwake."

Digidigi akamwacha mtoto nyumbani, akakimbia jangwani. Akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Mara ya tatu hakuita, maana alikuwa amemwona. Mkewe alikuwa amelala chini ya kichaka cha miiba, amegeukia upande wa nyumbani. Ndege wala mizoga walikuwa wamemtangulia Digidigi kufika.

Alimfukia kwa kwato zake. Aliporudi, mtoto akauliza, "Baba, mama yuko nyuma?"

Digidigi akambeba tena mgongoni. Hakuoa tena.

Basi wanangu, anayehukumu na apime kosa kabla ya kutaja adhabu, kwa sababu msamaha ukichelewa huikuta maiti.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aniachie.