Jalala la Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko mavuno, mvua iligoma. Kikabaki kisima kimoja, na kila nyumba ikawa inapata kibuyu kimoja cha maji kwa siku, ya mkubwa na ya mdogo.

Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto na tuta moja la mchicha. Tuta hilo likikauka, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo alimwagilia polepole, akangoja maji yazame, kisha akafunika udongo kwa majani makavu, akiacha nafasi kidogo kuzunguka kila shina lisije likaoza. Lakini majani hayakutosha. Upande mmoja wa tuta ulibaki wazi, na mchicha wa upande huo ulikuwa umeanza kulala.

Majani yote ya kijiji yalikuwa yamefagiliwa na wakubwa. Wao walikuwa na Kamati ya Usafi, na sheria ya kumwadhibu kila mwenye shamba lenye majani. Mwenyekiti, Kifaru, alifagia shamba lake, fya fya fya, hadi likawa kama sakafu ya sebuleni. Nyati na Ngiri wakafagia ili wamshinde. Jua likaupiga udongo ule mtupu, ukapasuka. Maji ya asubuhi hayakufika adhuhuri. Kamati ikakutana, ikaamua kwamba hawajafagia vya kutosha.

Siku ya ukaguzi Kifaru alisimama mbele ya tuta la Pimbi, akakunja pua.

“Mama Pimbi, hili ni shamba au jalala?”

Pimbi alitazama kule kwa wakubwa, marundo ya majani yakingoja kuchomwa moto. Akatazama upande wa tuta lake uliobaki wazi. Akainamisha kichwa.

“Ni uvivu wangu, mzee. Niadhibuni mtakavyo. Nifagizeni hata kijiji kizima. Ila nawasihi, msije mkanimwagia takataka zenu hapa. Aibu hiyo sitaiweza.”

Kamati haikuwa imewahi kupewa wazo zuri namna hiyo. Kabla jua halijazama, Nyati na Ngiri waliyabeba marundo yote wakayabwaga kwa Pimbi, pu, pu, pu. Pimbi akalia hadi walipopotea machoni. Kisha akafuta machozi, akachota maji, akamwagilia, akaanza kutandaza.

Mwezi mwingine ulipoandama, mashamba safi yalikuwa safi kweli: hayakuwa na mmea hata mmoja. Kifaru akaja kwa Pimbi, akakuta mchicha umempita mwenye tuta kimo. Akaingiza pua chini ya majani. Udongo ulikuwa wa baridi, una unyevu.

“Majani haya ni mali ya kamati,” alisema. “Yarudishwe leo.”

“Chukueni, mzee. Ila sheria yako inasema shamba lenye majani ni jalala, na mwenye jalala huadhibiwa. Wewe atakuadhibu nani?”

Kifaru alifikiri, akaitisha kikao cha kubadili sheria. Nyati akataka iundwe kamati ndogo kwanza. Ngiri akasema hakai mpaka uwanja ufagiliwe.

Walipokuwa bado wanabishana nani awe katibu, Pimbi na wanawe walikuwa wamevuna, wamekula, na wanaosha sufuria.

Nanyi wanangu, mkumbuke: anayeuvua udongo nguo asililaumu jua.