Mbuzi Aliyeruka Kwenda Chini

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana umeme ulikuwa ukikatika kama unavyokatika leo, palikuwa na binti wa Mbeya aitwaye Sekela. Sekela alitaka kutengeneza gemu. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa na saa moja kwa siku kwenye mashine ya maktaba ya kata, kizee kilichokohoa kila kilipowashwa. Na maktaba yenyewe ilikuwa ifungwe mwisho wa mwezi, igeuzwe ukumbi wa harusi.

Viunzi vikubwa vya kutengenezea gemu, mashine ile ilivionja ikazimia. Ndipo Sekela akakipata Kokoto, kiunzi chepesi, programu huria, kazi ya fundi wa Songea aitwaye Ngonyani. Unaandika skripti, yaani maagizo ya mistari michache, kitu kinatembea kwenye kioo. Ngonyani alikuwa amekiandikia: "Chukua, tumia, badili, mpe mwenzio." Maelezo ya matumizi yalikuwa ukurasa mmoja, na nusu yake salamu.

Sekela akaandika mistari mia tatu. Mbuzi anaruka ua, anaiba mchicha wa mwenyekiti wa mtaa. Asubuhi ya mashindano ya gemu ya wilaya, pale pale maktabani, akabonyeza kwa mara ya kwanza mbuzi aruke. Mbuzi akazama ardhini. Akabonyeza tena. Mbuzi akazama tena, wala hana habari.

Kumbe kwenye Kokoto vipimo huhesabiwa kutoka juu ya kioo kwenda chini: ukiongeza namba, unashusha. Sekela alikuwa ameongeza. Hilo Ngonyani hakuliandika. Nafasi ilikuwa imekwisha kwenye salamu.

Sekela akalia kwa kwikwi. Rafiki yake Tusajigwe, mkulima wa karanga, asiyejua hata kompyuta inawashiwa wapi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Usimguse huyo mbuzi! Futa mchicha, weka karanga huko chini. Kwani karanga zinakaa wapi, we Sekela, mtini?"

Sekela akaweka karanga. Majaji wakacheza, wakanyang'anyana kibodi, wakasahau chakula cha mchana. Jaji mkuu, Mama Kalinga, akaweka mezani kompyuta mpakato, mpya, ingali na nailoni yake.

"Gemu hili limeshinda, ila zawadi ni moja," akasema. "Niambieni mwenye gemu ni nani kabla sijamaliza chai hii. Mkishindwa, naondoka nayo."

Ngonyani, aliyetoka Songea kuja kuona Kokoto kikifanya kazi, akawa wa kwanza kusimama. "Miaka miwili nimekichonga. Bila mimi hakuna mbuzi, hakuna hata ardhi ya kuzamia. Na kosa lenyewe ni langu, mimi ndiye niliyesahau kuandika!"

"Si ulisema tuchukue?" Sekela akamkata.

"Nilisema mchukue Kokoto, dada yangu. Kompyuta sikuitaja."

Tusajigwe akajifunga kanga kiunoni. "Mimi sijaandika hata nukta. Lakini yule mbuzi alikuwa msiba mpaka nilipomwonyesha karanga. Mlichokicheza nyie wazee wazima mkasahau kula ni mchicha?"

Ikabaki zamu ya Sekela. "Mistari mia tatu ni ya vidole hivi. Kitufe cha A kimeng'oka, nachokonoa kwa njiti ya kiberiti. Jaribuni kuandika Kiswahili hivyo! Maktaba ikifungwa, Ngonyani atarudi kwenye mashine yake, Tusa atarudi shambani. Mimi nitarudi wapi?"

Akaketi, moyo ukimuuma, kwa kuwa alijua jambo ambalo hakulisema: angeachiwa mwenyewe, angemrekebisha mbuzi, akaruka vizuri, na hakuna ambaye angemtazama mara mbili.

Mama Kalinga akatikisa kikombe. Limebaki funda moja.

Haya, nyinyi mnaokodoa macho, msijifanye mna mafua, sauti haitoki. Yuko aliyetoa bure akasahau kusema, yuko aliyekosea kwa jasho lake, na yuko aliyelicheka kosa likawa gemu. Je, nani alistahili? Semeni upesi, kikombe kipo mdomoni!